Gari ya zamani inasumbua umeme? Pima kwanza ndio ubadilishe kifaa: mwongozo kamili wa kufanya mwenyewe nyumbani

Gari ikishavuka miaka 15 hivi, unakuta umeme unasumbua kuliko injini yenyewe. Leo taa moja inafifia, kesho kioo cha dirisha kinapanda nusu kinagoma, keshokutwa asubuhi unageuza ufunguo unasikia "tik" afu kimya. Na kinachoniuma ni kwamba watu wengi wanakimbilia kununua vifaa, betri mpya, stata (mota inayozungusha injini iwake), altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka), hela inaisha na tatizo liko palepale, maana mara nyingi kifaa hakikuwa na shida yoyote, shida ilikuwa kwenye njia ya umeme kwenda kwenye hicho kifaa, au njia ya kurudi.

Mimi yalinikuta. Nilikuwa na gari ambayo ikiwa ya baridi inawaka vizuri tu, ikishapata moto stata inazunguka kwa kujivuta kama betri imeisha. Nikabadilisha betri, ikawa vilevile. Fundi akasema ni stata, nikaweka nyingine, siku mbili safi, ya tatu ikarudia. Siku moja nimefungua boneti, mwenzangu yuko ndani anapiga stata, mkono wangu ukagusa kebo ya akseleta, jamani ilikuwa ya moto mpaka nikaiachia. Sasa kebo ya akseleta haina kazi yoyote ya umeme, inavuta mafuta tu, kwa nini iwe ya moto? Ndio nikaelewa. Kwenye gari ile hasi ya betri ilikuwa inaenda kwenye bodi, afu kuna waya nyingine nene inayounganisha bodi na injini, na hiyo waya ilikuwa imekufa, kwa hiyo umeme wote wa stata ulikuwa unatafuta pa kupita ili urudi betri na njia iliyobaki ni ile kebo. Nikaifungua waya, kwa nje ganda jeusi zima kabisa hata huwezi kuidhania, nikalichana kwa kisu, ndani shaba imegeuka unga wa kijani, na nyuzi chache zilizobaki ukizikunja zinakatika kama majani makavu. Waya yenyewe haizidi urefu wa mkono. Nikaweka mpya, na tatizo halikurudi tena.

Kwa hiyo mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo moja tu: pima kwanza, na pima wakati kifaa kinafanya kazi.

Vitu vya kuwa navyo

Mita ya umeme, ya dijitali, hata ya kawaida inatosha ilimradi inapima volti za DC (umeme wa moja kwa moja kama wa betri) na AC (umeme wa kupandashuka), omu, na ampea mpaka 10. Testa ya taa, ile yenye balbu ndani na klipu ya mamba, hii usiidharau nitakwambia kwa nini. Spana namba 10 na 12 na 13, brashi ya waya, msasa, kisu, plaizi ya kubania vichwa vya waya, mipira ile ya kusinyaa ukiipasha moto, tepu nyeusi, fyuzi za akiba za kila saizi, na waya kama mita mbili yenye klipu kila upande ambayo katikati umeifunga fyuzi ya ampea 10. Hiyo ya mwisho unatengeneza mwenyewe. Ukiweza kupata mchoro wa umeme wa gari yako, wa modeli hiyohiyo na mwaka huohuo, umeshaokoa nusu ya kazi.

Usalama, tafadhali usiruke hapa

Vua pete na saa ya chuma. Betri ya volti 12 haikupigi shoti kama umeme wa nyumbani lakini inaweza kutoa ampea mamia kwa mpigo, spana au pete ikigusa chanya huku inagusa bodi inakuwa nyekundu kwa sekunde na kidole kinaungua mpaka ndani. Ukifungua betri anza na hasi, ukifunga hasi iwe ya mwisho, hapo hata spana ikiteleza wakati unafungua chanya haina pa kukamilishia mzunguko. Betri ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inalipuka, kwa hiyo hamna sigara, hamna kuchajia ndani ya chumba kilichofungwa. Kabla hujatoa betri angalia kama redio yako inadai namba ya siri ikikosa umeme, uwe nayo.

Waya na soketi za rangi ya njano chini ya usukani na chini ya viti mara nyingi ni za eabegi, hizo usizichomeke mita wala testa hata kidogo. Waya nene za rangi ya chungwa kwenye gari za haibridi ni volti za kuua mtu, hizo hazikuhusu kabisa, muachie aliyesomea.

Na kuna tabia moja inabidi tuiache: kuchomoa betri huku injini inaunguruma "ili kuona kama altaneta inachaji". Zamani kwenye gari zisizo na kompyuta watu walikuwa wanafanya na kupona. Kwenye gari yenye kompyuta, ukichomoa betri volti za altaneta zinaweza kuruka juu ghafla zikaunguza kompyuta, redio na hata altaneta yenyewe. Mita inakupa jibu hilohilo bila kuharibu kitu.

Hatua ya kwanza: betri, na usiiamini kwa macho

Acha gari ilale usiku mzima, asubuhi kabla hujawasha chochote weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Kama huwezi kusubiri usiku mzima washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo ndio upime, maana betri iliyotoka kuchajiwa inaonyesha namba ya juu ya uongo.

Volti 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 imebaki nusu. 12.0 kurudi chini imeisha, icheji kwanza kabla hujaendelea na kipimo kingine chochote, maana ukipima gari yenye betri mbovu kila kitu kitaonekana kibovu. Ukikuta imegandia 10.5 hivi hata baada ya kuchaji, mara nyingi seli moja imekufa, betri ina seli sita za volti 2.1 kila moja, toa moja unabaki na 10.5. Hiyo ni ya kubadilisha, hakuna dawa.

Sasa namba nzuri ikiwa imelala haitoshi. Mtu apige stata wewe unaangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6 wakati ilikuwa imejaa na hali ya hewa sio ya baridi kali, betri imechoka, au stata inakula umeme kupita kiasi. Ikibaki 11 na kitu lakini stata inazunguka polepole au haizunguki, basi betri ni nzima, umeme unapotea njiani au stata yenyewe ni mbovu, na hapo ndipo watu wengi wanaponunua betri bure.

Taminali, yaani vile vibanio vya waya vinavyoshika nguzo za betri, zikiwa na ule unga mweupe au wa kijani, fungua, mwagia maji ya moto uliyochanganya na bekingi soda, itatoa povu maana inaua asidi, suuza, kausha, afu sugua kwa brashi ya waya nguzo ya betri pamoja na sehemu ya ndani ya taminali mpaka zing'ae. Ndani ya taminali ndio muhimu, watu wanasafisha nje tu. Funga ikaze, ukishika kwa mkono ukazungusha isicheze, ndio upake vaselini au grisi juu.

Hatua ya pili: kuchaji

Washa injini, pima palepale kwenye betri. Unataka kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa taa kubwa, feni ya ndani, na defrosta ya kioo cha nyuma, injini ipandishe kidogo mpaka mizunguko 1500 au 2000, isishuke chini ya 13.3 hivi. Ikishuka mpaka 12 na kitu, altaneta haitoshelezi. Ikipita 15, regulita (kile kinachodhibiti volti za altaneta) imekufa na itachemsha betri na kuunguza balbu, usiendelee kuendesha hivyo.

Lakini kabla hujaihukumu altaneta angalia vitu vitatu. Beliti, ikilegea au ikiwa imeng'aa kama kioo inateleza, na mara nyingi inapiga kelele ukiwasha taa. Cha pili ni ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi: ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini inatakiwa iwake, na kwenye gari nyingi za zamani ule umeme unaopita kwenye kale kabalbu ndio unaoiamsha altaneta ianze kuzalisha, kwa hiyo kabalbu kakiungua altaneta nzima kabisa inaweza isichaji. Nimeona watu wamebadilisha altaneta mbili kwa ajili ya kabalbu ka dashibodi. Cha tatu ni waya nene inayotoka nyuma ya altaneta kwenda betri: injini ikiwa inaunguruma na taa zimewaka, ncha moja weka kwenye boliti ya nyuma ya altaneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Mita ikisoma zaidi ya 0.3, umeme unazalishwa lakini haufiki.

Kuna kipimo kimoja zaidi, geuza mita kwenye volti za AC, pima kwenye betri injini ikiwa inaunguruma. Ikizidi nusu volti, daiodi za altaneta, vile vinavyogeuza AC yake kuwa DC, zimeanza kufa. Hizo ndizo zinazofanya redio iimbe pamoja na injini, na zinaweza pia kumaliza betri usiku gari ikiwa imezimwa.

Hatua ya tatu: stata na upotevu wa volti

Hapa ndipo penye utajiri wote wa kazi hii, soma taratibu.

Umeme ukipita kwenye kiungo kibovu, sehemu ya volti inabaki palepale kwenye kiungo na kugeuka joto. Kiungo kikiwa na ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita yako haiwezi hata kukisoma, na stata inavuta ampea 200, unapoteza volti 2. Kwenye taa ya ampea 4 kiungo hichohicho wala hukihisi. Ndio maana mita ikiwa kwenye kipimo cha kuangalia kama waya imekatika, ikipiga "biip" haimaanishi waya ni nzima. Waya yenye nyuzi 20 ikibakiwa na uzi mmoja itapiga biip vizuri kabisa, na itakuonyesha volti 12 vizuri kabisa, mpaka uifungie mzigo ndio volti zinapotea. Na ndio sababu nikasema testa ya taa usiidharau, ile balbu yenyewe ni mzigo mdogo, waya iliyooza inaweza kuidanganya mita lakini balbu inaweza kufifia mbele ya macho yako.

Fanya hivi. Gia iwe nyutro au P, breki ya mkono juu, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake. Ncha nyeusi weka kwenye nguzo ya risasi ya hasi, nguzo yenyewe sio taminali, ncha nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Mwenzako apige stata sekunde tatu nne. Mita isizidi 0.2 hivi, ikifika nusu volti au zaidi ethi ya injini (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) ni mbovu, na sasa sogeza ncha moja hatua kwa hatua: kutoka nguzo kwenda taminali, taminali kwenda mwisho wa waya, mwisho wa waya kwenda kwenye bodi, bodi kwenda injini. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Afu rudia upande wa chanya, nguzo ya chanya mpaka boliti kubwa ya stata, hapo mpaka 0.5 inavumilika.

Sauti nayo inakusaidia. "Tik tik tik tik" za haraka ni betri imeisha au kiungo kibovu. "Tik" moja nzito afu kimya, pande zote mbili umepima ziko safi, hapo stata yenyewe, mara nyingi vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) vimeliwa. Kimya kabisa bila tik, pima ile waya ndogo ya stata wakati ufunguo umegeuzwa, kama hamna umeme rudi nyuma kwenye rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), swichi ya ufunguo, na kwa gari ya otomatiki ile swichi inayojua gia iko P au N, jaribu kuwasha ikiwa N uone.

Betri inaisha usiku

Gari iliyozimwa inatakiwa ivute kidogo sana, chini ya miliampea 50 kwa kawaida, za saa na kumbukumbu ya redio na kompyuta. Balbu ya wati 5 ya kwenye buti iliyobaki inawaka inavuta karibu ampea 0.4, betri ya ampea-saa 45 itakuwa taabani ndani ya siku mbili tatu tu.

Zima kila kitu, toa ufunguo. Fungua boneti na mlango wa dereva, sukuma kitasa cha kufungia mlango kwa bisibisi kijifunge, ili gari idhani mlango umefungwa. Hamisha waya nyekundu ya mita kwenye tundu la 10A, legeza taminali ya hasi, na kabla hujaichomoa kabisa ncha moja ya mita ishike nguzo na nyingine ishike taminali ndio uichomoe taratibu, umeme upite kwenye mita bila kukatika. Usiwashe gari wala kugeuza ufunguo sasa hivi, fyuzi ya mita itaungua. Subiri. Gari zenye kompyuta nyingi zinaweza kuchukua dakika 20 mpaka saa nzima kulala, namba itashuka yenyewe, usianze kuhangaika mapema.

Ikituama kwenye 0.4 au 1.2 kuna mwizi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, hiyo laini ndio yenye mwizi. Njia nyingine nzuri zaidi ni kutochomoa kabisa: juu ya fyuzi nyingi kuna vitundu viwili vidogo vya chuma, weka mita kwenye milivolti, gusa vyote viwili, isiyopitisha umeme inasoma sifuri, inayosoma namba yoyote inapitisha. Umeshachomoa fyuzi zote na bado inavuta? Fikiria altaneta. Fungua betri kwanza kabisa, toa waya nene ya altaneta, ifunge tepu, rudisha mita, kama wizi umeisha ni daiodi.

Washukiwa wa kawaida ni taa ya buti, taa ya kikabati cha mbele, redio na alamu zilizofungwa baadaye, na rilei iliyogandia. Rilei iliyogandia ukiigusa asubuhi inakuwa na uvuguvugu wakati zenzake zote za baridi.

Ethi na taa za ajabu ajabu

Ukikanyaga breki indiketa inawaka hafifu, au ukiwasha indiketa taa ya nyuma inacheza nayo, hapo usitafute mbali, ethi ya taa za nyuma imekufa na umeme unarudi kwa kupitia balbu ya jirani. Chukua ile waya yako ya klipu, upande mmoja kwenye chuma cha kishikio cha balbu, mwingine kwenye chuma safi cha bodi. Kila kitu kikitulia umeshapata jibu. Indiketa inayokimbia haraka upande mmoja ni balbu iliyoungua au isiyopata umeme wa kutosha upande huo.

Sehemu za ethi kwenye gari nyingi zipo nyuma ya taa za mbele, chini pembeni miguuni kwa dereva na abiria, kwenye buti nyuma ya zulia, na ile ya injini na gia boksi. Siku moja ya mapumziko zipitie zote hata kama gari haina shida. Fungua boliti, piga msasa chuma cha bodi mpaka king'ae bila rangi, piga msasa kile kichwa cha waya, funga ikaze, afu paka grisi kwa juu kuzuia maji. Ukipaka rangi au grisi nyingi katikati kabla ya kukaza umeharibu ulichofanya.

Taa kubwa zikiwa hafifu usikimbilie balbu za wati kubwa, zitayeyusha soketi. Pima kwenye soketi ya balbu taa ikiwa imewaka, upande wa chanya na upande wa ethi. Betri ina 12.5, balbu inapata 10.8, basi zimepotea njiani, na mwanga unashuka kwa kasi kuliko volti, ukipoteza asilimia 10 ya volti unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwenye gari za zamani umeme wote wa taa unapita kwenye swichi ya usukani, kipande kidogo cha shaba ndani yake kinabeba ampea 9 au 10 kila usiku kwa miaka 20. Dawa ya kudumu ni rilei mbili, moja ya dimu moja ya fulu. Mguu 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi iliyofungwa karibu kabisa na betri, 87 unakwenda kwenye balbu, 85 ethi, 86 unapokea waya ya zamani ya taa ambayo sasa inaamsha rilei tu. Waya ya milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya 20 inatosha kwa balbu mbili za wati 60/55. Ila pima kwanza, kuna gari, hasa za Japani, ambazo swichi inakata upande wa ethi na sio wa chanya, hizo ukifuata mpangilio huu hazitawaka.

Fyuzi inaungua kila ukiweka

Fyuzi inalinda waya, sio kifaa. Ukiweka kubwa kuliko iliyoandikwa, au ukaifunga karatasi ya fedha, waya ndani ya dashibodi inakuwa ndio fyuzi, na inawaka moto ukiwa barabarani. Rangi zake kwa zile za meno mawili: 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 nyeupe, 30 kijani.

Mbinu nzuri ni hii. Chukua balbu ya wati 21 ya breki, iunganishe waya mbili, zichomeke kwenye tundu la fyuzi badala ya fyuzi. Chomoa vifaa vyote vya laini hiyo. Balbu ikiwaka kali shoti ipo, na sasa huunguzi fyuzi nyingine tena maana balbu inazuia ampea zisizidi mbili. Acha inawaka, zunguka na gari ukitikisa waya sehemu moja moja, tikisa kwenye bawaba za mlango, bawaba za buti, chini ya zulia penye skrubu, karibu na egzosti, kila mahali waya inapopenya bati na mpira wake umekatika. Balbu ikizima au ikipepesa ukiwa umeshika mahali, umefika.

Bawaba ya mlango wa dereva ndio naianza kila mara. Vuta ule mpira unaopitisha waya, kwa gari ya zamani sio ajabu kukuta waya mbili tatu zimekatika ndani, shaba inachungulia. Madirisha, kioo cha pembeni, loki, spika, vyote vinaanzia hapo.

Kuunga waya ili isirudi kukusumbua

Kata nyuma mpaka ukute shaba ya rangi ya chungwa inayong'aa. Ikiwa nyeusi au kijani endelea kukata, nyeusi haishiki risasi wala haipitishi vizuri. Vaa mpira wa kusinyaa kwenye waya kabla ya kuunga, kila mtu anausahau huo. Bana kwa kiungo cha saizi sahihi kwa plaizi yake, vuta kwa nguvu uone haichomoki, pasha mpira moto mpaka ukumbatie. Ukipenda kulehemu kwa risasi ni sawa, ila pale risasi inapoishia waya inakuwa ngumu na hukatika ikitikiswa, kwa hiyo ifunge isicheze. Kusokota na kuzungushia tepu hapana, joto linayeyusha gundi ya tepu, maji yanaingia, baada ya mwaka unarudi palepale. Na kwenye bawaba ya mlango usiweke kiungo sehemu inayokunjwa, badilisha kipande kirefu ili viungo vikae mmoja ndani ya mlango na mwingine ndani ya bodi.

Soketi zilizogeuka kahawia zimepata joto, na zimepata joto kwa sababu kile kike cha ndani kimelegea. Chukua kidume cha saizi ileile kichomeke peke yake, kikiingia bila kushikwa kabisa, kibane au kibadilishe, kusafisha peke yake hakutasaidia.

Ukimaliza kazi yoyote rudia vipimo vitatu: betri ikiwa imelala, kuchaji taa zikiwa zimewaka, na ampea zinazovutwa gari ikiwa imezimwa. Ziandike kwenye kipande cha tepu na tarehe, bandika chini ya boneti, siku ikileta shida unajua kilichobadilika. Ya kwangu sasa hivi inasoma 12.6, 14.2, 0.03.